Bi Mita Anajibu: Mita haijafa, inangoja uiombe vizuri

Barua nne mwezi huu, na zote zina picha moja: kompyuta upande huu wa meza, kipimo upande ule, katikati kebo ambayo mwenyewe ameshaihukumu kuwa mbovu. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu nilipoisoma nilicheka peke yangu hadi mjukuu akaja kuchungulia. Kosa hilohilo liliwahi kuninyima usingizi siku tatu, na mimi wakati huo nilikuwa fundi wa ugezi, yaani wa kuhakiki usahihi wa vipimo, mwenye miaka kumi kazini.

Shikamoo Bi Mita. Nasoma umeme mwaka wa tatu, Mbeya. Mradi wangu ni kupima betri za sola za 12 V zilizokwishatumika, zile ndogo za 7 Ah, nijue zimebakiwa na nguvu kiasi gani. Nimeazimwa maltimita ya zamani, HP 34401A, yenye tundu la RS-232 nyuma, lile la kuongea na kompyuta. Nimenunua adapta ya USB na kebo ya pini tisa, programu nimeandika kwa Python nikitumia PyVISA, maktaba ya kuongea na vipimo. Nikituma MEAS:VOLT:DC? (nipimie volti) mita inalia "pii", halafu kompyuta inaniletea VI_ERROR_TMO na namba -1073807339. Kebo nimebadilisha mara mbili. Je, nimeazimwa mita mbovu?

Marahaba mwanangu. Mita mbovu hailii pii. Hiyo pii ndiyo habari njema kuliko zote ulizoniandikia: maneno yako yamefika, mita imeyasikia, na ina malalamiko. Ile namba ndefu inayotisha haitoki kwenye mita kabisa. Ni kompyuta inayosema nimengoja, muda umekwisha, sikujibiwa. Usipobadilisha kitu, PyVISA hungoja sekunde 2 tu. Kwa hiyo una watu wawili, mmoja amenung'unika na mwingine amechoka kungoja, na wewe umesikiliza aliyechoka peke yake.

Msikilize aliyenung'unika. Kwenye kioo cha mita litakuwa limewaka neno ERROR. Ingia kwenye menyu ya mbele, sehemu ya SYS MENU, usome makosa. Mita hiyo huyaweka kwa foleni, hadi 20, la kwanza kuingia ndilo la kwanza kutoka. Nakutabiria utakuta 511, 513 au 550.

511 na 513 maana yake mnaongea kwa lafudhi mbili. Mita hii ilitoka kiwandani imewekwa kasi 9600, biti 7, pariti (biti ya kukagua makosa) shufwa, na biti 2 za kusimama. PyVISA yenyewe, usipoiambia kitu, huanza na biti 8, bila pariti, biti 1 ya kusimama. Hapo hamwezi kuelewana hata mkitumia kebo ya dhahabu.

550 ndiyo iliyoninyima mimi usingizi. Maana yake: amri hii hairuhusiwi wakati mita iko mikononi mwa mtu. Kwenye GPIB, njia nyingine ya kuunga vipimo na kompyuta, kuna waya maalumu wa kuitaarifu mita kwamba sasa inaongozwa na kompyuta. RS-232 haina waya huo, kwa hiyo lazima useme kwa mdomo: SYST:REM. Kama mgeni anayebisha hodi. Usipobisha, mita inakuona mtu wa njiani anayepiga kelele dirishani. Nami nilipiga kelele siku tatu, nikafungua mita, nikakagua ubao kwa kioo cha kukuzia, na neno lenyewe lilikuwa kwenye kitabu cha mita, sura niliyoiruka kwa sababu nilijiona najua.

Anza hivi, usiongeze kitu mpaka hii ifanye kazi (ASRL3 ni COM3 ya Windows; weka namba yako):

import pyvisa, time
from pyvisa.constants import Parity, StopBits, ControlFlow
rm = pyvisa.ResourceManager()
m = rm.open_resource('ASRL3::INSTR')
m.baud_rate = 9600
m.data_bits = 7
m.parity = Parity.even
m.stop_bits = StopBits.two
m.flow_control = ControlFlow.dtr_dsr
m.write_termination = '\n'
m.read_termination = '\r\n'
m.timeout = 10000
m.write('SYST:REM')
time.sleep(1)
print(m.query('*IDN?'))

*IDN? ni kuuliza "wewe nani?" Ikijibu HEWLETT-PACKARD,34401A na namba za toleo nyuma yake, mshapeana mkono. Ile mistari miwili ya "termination" usiidharau. Ni nukta ya mwisho wa sentensi. Sentensi ikikosa nukta, mita inakaa kimya ikidhani bado unaongea, na wewe unakaa kimya ukidhani imekufa. Wateja wengi walioniletea vipimo "vilivyokufa" waliniletea sentensi isiyo na nukta.

Kebo nayo tuiseme, maana umeshaibadilisha mara mbili bila kuniambia ni ya aina gani. Unataka kebo ya kuvuka: pini 2 iende 3 na 3 iende 2, pini 4 iende 6 na 6 iende 4, na 5 kwa 5. Kebo ya nyaya tatu ya kuunga mwenyewe inatosha kwa vifaa vingi ila si kwa huyu, kwa sababu mita hii hutumia pini 4 na 6 kupeana zamu ya kusema. Chukua testa yako ya kawaida, weka kwenye mlio, hesabu pini moja moja. Dakika tano.

Sasa betri. Usitumie MEAS:VOLT:DC? kila mara. Amri hiyo kila ikiitwa inaanza upya: inafuta mipangilio yako, inachagua renji yenyewe, ndipo inapima. Panga mara moja kwa CONF:VOLT:DC 100, kisha kila baada ya sekunde 10 uliza READ? tu. Utapata jibu kama +1.27034500E+01, yaani volti 12.70345. Ukitaka usomaji uliotulia zaidi na ukaweka NPLC 100 (mizunguko 100 ya umeme kwa kila kipimo), kumbuka kwa umeme wetu wa hezi 50 hiyo ni sekunde 2 za kupima, na mita ikijisahihisha sifuri inakuwa kama 4. Ungekuwa na ile subira ya sekunde 2 ya mwanzo ungerudi kuniandikia kuhusu -1073807339.

Kila jibu liandike kwenye faili na kulifunga palepale, usikusanye mpaka mwisho. Umeme ukikatika kompyuta mpakato itabaki hai, mita itazima. Umeme ukirudi mita itaamka imesahau kila kitu, SYST:REM na CONF zote itabidi zirudiwe, kwa hiyo programu yako ijue kubisha hodi tena. Na hapa ndipo pana hatari usiyoiona. Taa utakayoitumia kumaliza betri haijui kwamba umeme umekatika. Inakunywa kwenye betri hiyohiyo, gizani, na hakuna anayeandika. Betri ya asidi ya 12 V tunaisimamisha kwenye 10.5 V. Ukiiacha ishuke usiku kucha, asubuhi utakuwa umeiharibu wewe mwenyewe halafu uandike kwenye ripoti kwamba ilikuwa mbovu. Fanya mchana, ukiwepo.

Jambo la mwisho kabla sijakuchosha. Ukitumia balbu ya breki ya wati 21, unavuta kama ampea 1.75. Zile 7 Ah zilizoandikwa kwenye betri zimehesabiwa kwa kuimaliza polepole, saa 20, ampea 0.35. Kwa mwendo wa balbu hata betri mpya haitakupa 7. Usizifukuze betri za watu kwa kosa hilo. Na mkondo wa balbu hushuka volti ikishuka, basi upime mwanzoni, katikati na mwishoni.

Bi Mita, za kazi? Natengeneza inverta hapa Mwanza. Nina oskiloskopu ya Rigol DS1054Z, nimeiunga kwenye ruta kwa kebo ya mtandao. Amri zinakubali, volti nazisoma, ila picha ya kioo imenishinda. Natuma :DISP:DATA? nahifadhi kinachokuja kama picha.bmp. Faili ina baiti 1,152,066 lakini hakuna programu inayoifungua. Wateja wangu wanataka picha kwenye ripoti, sasa hivi napiga kwa simu na mwanga wa taa unaonekana kwenye kioo.

Njema, fundi. Laiti wote wangeniandikia ukubwa wa faili kama wewe, maana jibu liko ndani ya namba hiyo. Kioo cha Rigol hiyo kina pikseli 800 kwa 480, kila pikseli baiti 3: hiyo ni 1,152,000. Ongeza baiti 54 za kichwa cha BMP, unapata 1,152,054. Wewe una 12 zaidi.

Fungua faili lako kwa programu ya maandishi, utaona linaanza na #9001152054. Hiyo si picha, ni bahasha. Alama ya # inasema mzigo wa baiti unakuja, 9 inasema tarakimu tisa zinafuata, na hizo tisa ni uzito wa mzigo. Jumla herufi 11. Ya kumi na mbili ni nukta ya mwisho wa sentensi, mkiani. Kata 11 za mbele na 1 ya nyuma, picha itafunguka. Au mwachie PyVISA afungue bahasha (s ni oskiloskopu uliyoifungua kwa open_resource):

picha = s.query_binary_values(':DISP:DATA?', datatype='B', container=bytes)

Wewe umesalimika na mtego mwingine ambao huwanasa wenzio. Baiti yenye thamani 10 ndiyo hiyohiyo nukta ya mwisho wa mstari. Ndani ya picha zimejaa. Ukiunga kwa soketi ya kawaida, mlango 5555 kwa Rigol yako, na ukaambia programu isimame ikiona baiti 10, itasimama katikati ya picha, popote. Kwenye mzigo wa namna hii usisome mpaka nukta, soma mpaka uzito utimie.

Ukichoka na faili la megabaiti moja kwa kila picha, jaribu :DISP:DATA? ON,OFF,PNG. Bahasha ni ileile, mzigo mwepesi.

Assalaam aleikum Bi Mita. Nakuandikia kutoka Maskati, niko kwenye maabara ya matengenezo. Tuna vifaa 11 vya GPIB kwenye kompyuta moja. Tangu tupange upya meza na kununua kebo mpya za mita nne, mawasiliano yanakatika ovyo. Leo kipimo hiki, kesho kile. Bosi anasema GPIB ni ya kizamani, vyote vitupwe tununue vya mtandao. Mimi nina huruma navyo.

Wa aleikumu ssalaam, na huruma yako ina sababu.

Kizamani ni kweli. Hewlett-Packard waliitengeneza kwa ajili ya vifaa vyao wakiita HP-IB, na mwaka 1975 ikawa kiwango cha IEEE 488. Wakati huo kila kiwanda kilikuwa na lugha yake, amri zilizoeleweka pamoja zilikuja baadaye: *IDN? na ndugu zake kwa IEEE 488.2 mwaka 1987, na SCPI, lugha ya pamoja ya amri kama MEAS na CONF, mwaka 1990. Lakini ukongwe si ugonjwa. Ugonjwa wako ni kebo.

Sheria ya GPIB: mita 2 za urefu kwa kila kifaa, na jumla isizidi mita 20, ipi ndogo ndiyo ishike. (Naandika mita za urefu na mita za kupimia kwenye ukurasa mmoja, nisameheni.) Wewe una vifaa 11 na kompyuta, 12 kwa jumla, ukomo wako ni mita 20. Kebo 11 za mita 4 ni mita 44. Umezidisha mara mbili na ushei, na bado ikawa inafanya kazi siku nyingine. Huo ni ubora wa waliobuni, si ruhusa.

Rudisha kebo fupi, za mita 1. Viunganishi vya GPIB hupandana kama sahani, lakini usipandishe zaidi ya vitatu au vinne kwenye mgongo mmoja, uzito wake huvunja tundu. Kisha kagua mambo mawili. Kwanza, zaidi ya theluthi mbili ya vifaa viwe vimewashwa. Kifaa kilichozimwa bado kimening'inia kwenye waya na huwavuta wenzake chini. Pili, anwani. Zinakwenda 0 hadi 30, na vifaa vya modeli moja hutoka kiwandani na anwani moja, mathalani 34401A zote huja na 22. Kama mlipopanga meza mlileta ya pili kutoka stoo, wawili wanajibu kwa jina moja.

Kuhusu kutupa: kwenye GPIB mwenye kusema hungoja msikilizaji wa mwisho apokee kila baiti ndipo atoe nyingine. Ni polepole, ila neno halipotei njiani. Kompyuta yenu mpya ikikosa nafasi ya kadi, kuna adapta za GPIB kwenda USB au mtandao, na kuna mradi wa wazi uitwao AR488 unaofanya kazi hiyo kwa Arduino. Mimi ninayo moja, nimeifungia kwenye boksi la sabuni. Mwambie bosi anunue kifaa kipya pale cha zamani kitakaposhindwa kupima, si kinaposhindwa kwa kosa la kebo.

Hujambo Bi Mita. Niko Mombasa, nachaji na kujaribu betri kwa pawasaplai ninayoiongoza kwa kompyuta. Nataka nikiwa nyumbani usiku niweze kuiangalia na kuizima kwa simu. Rafiki amenishauri nifungue mlango 5025 kwenye ruta ili niifikie kutoka nje. Ni sawa?

Sijambo, na si sawa. Mlango huo hauna neno la siri. Hauulizi wewe ni nani. Yeyote duniani atakayeupata anaweza kuandika VOLT 30 na OUTP ON, na pawasaplai yako itatii kwa adabu zote. Funga leo. Ukitaka kuingia kutoka nje, weka VPN, njia ya siri ndani ya mtandao, WireGuard inatosha na ni bure, na ufikie kompyuta ya karakana, siyo kipimo chenyewe.

Lakini swali lako limenigusa mahali pengine. Unadhani kompyuta ndiyo inayolinda betri. Pawasaplai haijui kama kompyuta ipo. Amri ya mwisho iliyopewa ndiyo inayoendelea kuitekeleza, programu ikianguka, kebo ikichomoka, panya wakiitafuna, ikiwa OUTP ON basi ni ON mpaka kiama.

Nilijifunza kwa gharama. Karakana niliyokuwa nikisaidia baada ya kustaafu, niliacha betri ya asidi inachajiwa kwa volti 15, programu ikiwa na kazi ya kukata baada ya saa nne. Saa tisa usiku kompyuta ikajizima na kujiwasha kwa ajili ya masasisho yake. Programu haikurudi. Asubuhi nilifungua mlango nikapokewa na harufu ya asidi, betri imevimba kama andazi. Nilishukuru haikuwa ya lithiamu.

Kwa hiyo, kabla ya OUTP ON, weka ulinzi ndani ya pawasaplai yenyewe: kikomo cha volti, OVP, na kikomo cha ampea, OCP. Hivyo havitegemei kompyuta. Kama kifaa chako kina kipima muda cha ndani, tumia hicho kukata, programu iwe ya kuandika tu. Zima masasisho ya usiku. Na kwa lithiamu usiniandikie tena kuhusu kuchaji usiku ukiwa nyumbani, kwa simu au bila simu. Jibu langu litakuwa hapana, na sitatoa sababu.

Yule wa Mbeya: ukishapata *IDN?, niandikie betri ya kwanza imechukua dakika ngapi kufika 10.5. Nina moja hapa chini ya kitanda, nataka kulinganisha.